"Upasuaji Hufanikiwa": Tafsiri ya Kijitabu cha Macho kwa Wenye Kisukari

Kimetufikia kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kinachowaeleza wagonjwa wa kisukari habari za kupasuliwa mtoto wa jicho. Kiswahili chake ni safi, na mfasiri hakukimbilia kutohoa kila neno lililompa taabu. Twamsifu kwa hayo. Hata hivyo tumeona vema tukijadili istilahi zake chache, kwa kuwa mgonjwa azisomapo ataamua kwazo akubali kupasuliwa au asikubali, na atarajie nini bandeji itakapofunguliwa.

Tuanze na kitenzi "kufanikiwa". Kijitabu chasema mara tano kwamba upasuaji huu "hufanikiwa". Kwa mpasuaji, neno hilo laweza kumaanisha kwamba lenzi iliyofifia imetolewa, ya bandia imewekwa mahali pake, na kidonda kimefunga. Kwa mgonjwa lina maana moja tu: ninaona. Shirika la Afya Duniani nalo hupima matokeo kwa uwezo wa kuona. Kwa miaka mingi jicho lilihesabiwa kuwa na matokeo mema lilipofikia 6/18, yaani kutambua kwa mita 6 herufi ambazo jicho zima huzitambua kwa mita 18. Siku hizi, inapohesabiwa idadi ya waliopata upasuaji wenye manufaa, kiwango ni 6/12. Yafaa basi tuwe na istilahi mbili: upasuaji "hukamilika salama", na jicho lina "matokeo ya kuona".

Kwa mwenye kisukari tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Yeye huelekea kupata mtoto wa jicho mapema kuliko wenziwe, na huenda wakati huohuo sukari imekwisha kuharibu mishipa midogo ya damu katika retina. Retina ikiwa nzima, aweza kutarajia mema kama wengine waliopasuliwa. Ikiwa imeharibika, hasa ikiwa sehemu yake ya kati, ile tunayosomea, imevimba, lenzi mpya itapitisha mwanga vizuri hadi mahali pasipoweza kuupokea sawasawa. Na uvimbe huo huweza kuzidi baada ya upasuaji. Ndiyo sababu retina huchunguzwa kwanza. Mtoto wa jicho akiwa mzito hata daktari asione nyuma yake, hutumika kipimo cha mawimbi ya sauti.

Sasa tazama kijitabu kinavyolieleza jambo hili. Mtoto wa jicho ni "pazia lililo mbele". Retina ni "pazia la nyuma". Tulimsomea mzee mmoja ukurasa huo, naye akatuuliza: "Basi wanangu, hayo mapazia mawili huondolewa siku moja?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Retina ibaki retina, kama wanafunzi wa biolojia walivyoizoea, na ifafanuliwe kuwa ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Pazia liachiwe dirisha.

Wapo watakaotaka hata "mtoto wa jicho" litupwe, wakidai kwamba lawafanya watu wadhani kuna kitu kilichoota jichoni. Hatukubaliani nao. Watu wanalo neno, wanalielewa, na fasili ya sentensi moja yatosha kueleza kwamba ni lenzi yenyewe iliyofifia. Tunalolikataa ni "mtoto wa pili" wa ukurasa wa saba, aliyefasiriwa neno kwa neno. Lenzi iliyotolewa hairudi. Kinachofifia baadaye ni kifuko chake, ambacho mpasuaji hukiacha ili kishike lenzi ya bandia, na daktari hukifungua kwa mwali wa leza kwa dakika chache. Aliyeambiwa ana "mtoto wa pili" atadhani amedanganywa mara ya kwanza.

La mwisho ni dogo kwa herufi, kubwa kwa hatari. Kijitabu chaagiza sukari "ishushwe" kabla ya upasuaji. Ishushwe hadi wapi? Mgonjwa mtiifu aweza kuacha kula huku akimeza vidonge vyake, au kuviongeza, akazimia njiani kabla ya kufika hospitali. Neno "idhibitiwe" lipo, na mwenye kisukari hulisikia kliniki kila mara. Liongezewe tu "kama daktari wako atakavyokuelekeza".

Mintarafu ya sentensi ya ukurasa wa tatu, isemayo "Upasuaji hufanikiwa na mgonjwa huona tena", twapendekeza iandikwe hivi: "Upasuaji ukikamilika salama, utaona kwa kadiri ya uzima wa retina yako, kwa hiyo mwombe daktari akueleze hali ya retina kabla hujapasuliwa." Ni ndefu zaidi ya mara tatu kuliko ile ya kwanza, na mpiga chapa atanung'unika.