Kuhamisha Kitovu Bila Kugusa Dishi

Katikati ya Julai, saa nne na nusu hivi usiku, kitovu cha galaksi yetu hukatiza anga la Mbagala, digrii kama 22 kusini ya utosi. Taa za Barabara ya Kilwa zinakificha, na hata zingezimwa zote usingekiona, maana vumbi la angani limetanda mbele yake. Mawimbi ya redio hupenya vumbi hilo. Ndiyo maana MeerKAT, mtambo wa madishi 64 yenye upana wa mita 13.5 kila moja huko Karoo, Afrika Kusini, ulipozinduliwa Julai 2018 ulitambulishwa kwa picha ya hapohapo: nyuzi ndefu nyembamba za mng'ao zikining'inia kama mkeka ulioanza kufumuka.

Safu hii inahusu kazi ndogo inayofanyika baada ya madishi kumaliza yao: kuhamisha kitovu cha fezi. Amri yenyewe ni mstari mmoja. Nimewahi kuharibu wiki nzima ya kazi kwa kuiandika mahali pasipo pake.

Tuanze na honi ya pantoni ya Kigamboni. Rafiki zako wawili wamesimama ufukweni, mmoja Feri, mwingine kuelekea Ocean Road, kila mmoja anarekodi kwa simu yake. Aliye mbali zaidi kwa mita 340 ataisikia honi sekunde moja baadaye. Ili rekodi zao zilingane, unaivuta moja kwa sekunde hiyo. Zikishalingana kwa pantoni, meli inayopiga honi kutoka upande mwingine haitalingana. Ukiitaka meli, huna haja ya kurudi ufukweni kurekodi upya. Unabadili tu kiasi unachovuta. Pale ulipochagua palingane ndipo kitovu cha fezi. Na fezi yenyewe si ngeni: ni ileile ya fundi umeme anayekwambia nyumba ina fezi tatu, yaani wimbi limefika hatua gani ya mzunguko wake.

Madishi 64 yanatoa jozi 2,016. Kila jozi inalinganisha mawimbi katika masafa mengi, mara nyingi chaneli 4,096, na kuandika matokeo kila baada ya sekunde chache. Faili linalotokea ni zito kupita kiasi, na kulishusha kwa bando ni kujitafutia umaskini. Faili hukaa kwenye seva ya mbali, nami nalifikia kupitia terminali. Kinachosafiri ni herufi, si picha, kwa hiyo hata mtandao wa kusuasua unatosha. Nafungua kwanza programu ya screen ili umeme ukikatika huku, kazi kule iendelee.

Amri inaandikwa hivi:

chgcentre anga.ms 17h45m40.0s -29d00m28s

anga.ms ndilo faili la data, na namba hizo mbili ni anwani ya Sagittarius A*, penye shimo jeusi la katikati ya galaksi. Programu ya chgcentre inakuja pamoja na WSClean, ambayo André Offringa na wenzake waliitangaza mwaka 2014. Inapita mstari kwa mstari. Kwanza inakokotoa upya namba tatu za kila jozi, u, v na w, zinazoeleza jinsi jozi inavyoonekana ukiwa umesimama kwenye kitovu kipya. Kisha inachukua tofauti kati ya w mpya na ya zamani, inaigeuza kuwa idadi ya mawimbi kwa masafa ya chaneli ile, na kuizungusha fezi kwa kiasi hicho. Nguvu ya wimbi haiguswi kabisa. Ni hesabu ya kidato cha sita iliyorudiwa mara mamilioni.

Sasa kosa langu. Data yangu ilielekezwa nusu digrii kando ya Sagittarius A*, kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Faili lilikuwa kubwa, nami nikataka kulipunguza kwanza: nikachukua wastani wa kila sekunde 40, na wa kila chaneli 20, faili likapungua mara mia. Ndipo nikahamisha kitovu. Picha ikatoka, lakini nyuzi zilikuwa kama maandishi yaliyomwagikiwa chai.

Hesabu inaeleza kwa nini. Jozi ya MeerKAT iliyoachana zaidi ina karibu kilomita 8. Kwa nusu digrii, wimbi linatembea hadi mita 70 za ziada kulifikia dishi la pili, na kwa wimbi la sentimita 21 hiyo ni mizunguko zaidi ya 330. Dunia nayo haitulii. Kadiri inavyozunguka, fezi ya kitu kilicho nusu digrii kando ya kitovu inaweza kumaliza mzunguko mzima ndani ya sekunde 40 hivi kwenye jozi hiyo. Chukua wastani wa mzunguko mzima, unapata sifuri. Wastani wangu wa chaneli uliongeza majanga yaleyale kwa upande wa masafa. Jozi ndefu ndizo zinazobeba maelezo membamba, na ndizo nilizozifuta. Kuhamisha kitovu baada ya hapo ni kunyoosha shati lililokwisha kuungua.

Mpangilio sahihi ni kuhamisha kwanza, kisha kupunguza. Nilipofanya hivyo, kwa wastani uleule na ukubwa uleule wa faili, nyuzi zilikaa. Vilivyofifia safari hii ni vile vilivyo mbali na kitovu kipya, ambavyo sikuvihitaji.

Jambo moja huwapita wengi. Kitovu kimehama, ila macho ya madishi hayakuhama. Kila dishi la MeerKAT huona eneo la takriban digrii moja, na pembeni huona hafifu zaidi, kwa hiyo marekebisho ya mng'ao lazima yafuate mahali madishi yalipoelekezwa, si anwani uliyoandika. Ukivichanganya viwili hivyo, picha itakuwa safi na vipimo vyake vya uongo.

Na chgcentre huandika juu ya faili lilelile, tofauti na amri ya phaseshift ya programu ya CASA inayotoa faili jipya. Mimi faili la awali nilikuwa nimelifuta ili kupata nafasi, ikabidi niliombe tena kutoka hifadhi. Ikiwa unajaribu usiku huu, anza kwa kunakili faili kwa cp -r. Hiyo -r usiisahau, kwa sababu anga.ms si faili moja bali ni folda.