Hapa Kolo

Wengi wakipewa shairi fupi walihakiki huanza na vidole: nane, nane tena, vina vimekaa. Si vibaya. Amri Abedi alizichapisha sheria hizo za mizani na vina kitabuni mwaka 1954, na Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma na mwasisi wa ngonjera, alizishika kwa mapenzi. Lakini mhakiki ninayemstahi mimi ni yule anayemaliza kuhesabu, kisha akauliza: "Uliona nini?"

Kijana mmoja wa Kolo, kijiji cha Kondoa ambacho michoro yake ya miambani imo katika Urithi wa Dunia tangu 2006, aliniletea ubeti wa tarbia ulioanza hivi:

*Mlimani pale Kolo, wazee wamechoreka*

Mizani imetimia, kumi na sita. Maana ndiyo iliyopinda: wazee hawachori tena, wao wenyewe wamekuwa michoro. Nikamwuliza kama ndivyo alivyokusudia.

"Hapana, mwalimu. Wamechora. Ila hiyo inapungua mizani moja, na kina changu ni -ka."

Mshairi ana ruhusa ya kufupisha neno au kulirefusha, inkisari na mazda. Ruhusa hiyo haifiki kumgeuza mtenda kuwa mtendwa. Na wanaotunga mashairi huru, kwa njia aliyoifungua Kezilahabi kwa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974, wana mzigo mzito zaidi: kwao neno legevu halina hata kisingizio cha mizani.

"Basi waache wazee. Ulipofika jiweni, uliona nini?"

Akafikiri. "Twiga. Wekundu, kama wanavuka mwamba."

Shairi lilikuwa limeshatoka kinywani mwake. Twiga wekundu wavuka: nane kamili, na kina kipo. Hapa ndipo ninapoipendea kazi hii. Neno lilikuwa lake tangu mwanzo, lilikosa wa kuliuliza tu. Anayekimbilia kumtungia mwenzake mshororo mzuri zaidi humnyang'anya shairi.

Likabaki "pale", neno ambalo mwenye kuhesabu hawezi kulishuku. Lakini kijana amekulia chini ya mlima huo. "Pale" ni la abiria wa basi la Babati anayeonyesha kwa kidole dirishani. Akaandika:

*Mlimani hapa Kolo, twiga wekundu wavuka*

Mizani ni ile ile, anayesema ndiye aliyebadilika: sasa ni mwenyeji. Tukashuka mshororo wa pili, alikoiita michoro "ya ajabu", nikamwuliza ni ajabu ipi.