VCD ya Harusi: Safisha Kwanza, Ndipo Ukuze

Faili lililoletwa mwanzo lilikuwa limeshapita WhatsApp, likarudishwa ikaombwa diski yenyewe. Video ikiminywa upya hupoteza kitu kisichorudi, na VCD imeminywa vya kutosha tangu inazaliwa: pikseli 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde, picha yote ikienea katika kilobiti 1,150 hivi kwa sekunde. Fungua diski, ingia folda ya MPEGAV, nakili faili la .DAT lililomo. Diski ikiwa imechubuka, kazi ni ngumu zaidi: ili dakika 74 zienee, VCD iliacha tabaka moja la kurekebisha makosa.

Tatizo lenyewe ni miraba. MPEG-1 huikata kila fremu vipande vya pikseli 8 kwa 8, kila kimoja kikaminywa peke yake. Bibi harusi akiwa ametulia kitini, huoni kitu. Muziki ukikolea na ukumbi mzima ukiinuka kucheza, biti hazitoshi, na mipaka ya vipande inajitokeza kama vigae vya sakafuni. H.264, iliyotoka 2003, ina kichujio cha ndani cha kulainisha mipaka hiyo. MPEG-1 haina.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito kuliko programu unayotumia. Kichujio cha miraba kinajua pa kutafuta: kila baada ya pikseli 8. Ukikuza kwanza, mistari inahama na kunenepa, na akili mnemba ya kukuzia picha inaidhani ni nakshi za nguo, ikainoa. Tulipitisha kichujio cha FFmpeg kwenye ukubwa wa asili, kwa nguvu kidogo, ndipo tukaikabidhi picha kwa akili mnemba yenyewe, Real-ESRGAN.

Picha ya mwisho ilikuwa 1440 kwa 1080, yaani uwiano wa 4:3. Pikseli za VCD si mraba, na ukisahau hilo watu wote wanakonda. Sasa piga hesabu: pikseli 101,376 zimekuwa 1,555,200. Katika kila 15, kama 14 zimebuniwa. Kwenye mapazia na maua, zibuniwe tu. Kwenye nyuso za wageni wa nyuma, mashine huchora macho ya mtu asiyealikwa, tena kila fremu kivyake, hata uso ukawa unatetemeka. Katika sehemu hizo tulichanganya nusu kwa nusu na ukuzaji wa kawaida wa Lanczos. Bibi aliyekaa nyuma heri abaki na ukungu, ila awe yeye.

Kuongeza fremu hadi 50 tulijaribu tukaacha: mikono inayopiga makofi haraka iliyeyuka. Sauti ilinakiliwa bila kuguswa. Picha ikahifadhiwa kwa H.264, kwa kiwango cha ubora cha CRF 17, ndani ya MKV, na .DAT ikawekwa kando, kwa ajili ya programu zitakazokuja.