Mlio Usiokuwamo Ndani ya Honi

Siku ya soko mjini Lushoto, spika za honi hazipumziki. Ni zile zenye mdomo uliochanua kama ua la boga, zinazofungwa juu ya magari ya matangazo, kwenye minara ya misikiti na kwenye nguzo za mikutano ya injili. Mtu aliye ng'ambo ya bonde hujua kwamba anayesema ni mwanamume, na hujua kama anafoka au anabembeleza. Tangazo likiwa la Kisambaa, hushika hata kupanda na kushuka kwa sauti, na jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa Kisambaa ni lugha ya toni: tofauti ya juu na chini ni sehemu ya maneno na ya sarufi, wala si pambo la msemaji. Kiswahili hakina mzigo huo.

Fundi mitambo akiweka kipimo mbele ya honi hiyohiyo, atakuta jambo linalogongana na masikio yake. Sauti ya mwanamume hutetemeka takriban mara 100 hadi 150 kwa sekunde, yaani Hz 100 hadi 150, na mtetemo huo ndio unaoamua kidatu anachosikika nacho. Honi ndogo ya kawaida haianzi kutoa sauti ya maana mpaka Hz 300 hivi. Chini ya hapo mchoro kwenye skrini umelala. Kwa kipimo, kidatu cha msemaji hakimo kabisa. Kwa wanunuzi wa viazi na kabichi walioko sokoni, kimo.

Siri imo katika nafasi kati ya milio. Sauti ya Hz 120 haitoki peke yake kooni. Huandamana na 240, 360, 480, 600, 720 na kuendelea. Honi huikata 120, huififisha 240, na kupitisha zilizobaki. Hizo zilizopita zimepangana kwa hatua za 120, na ubongo huisoma hatua hiyo na kuusikia tena mlio ulioachwa nje. Msemaji akipandisha toni hadi Hz 150, zinazopita ni 300, 450, 600 na 750. Hatua imepanuka, na msikilizaji anasikia sauti imepanda. Simu ya waya, iliyobana mazungumzo kati ya Hz 300 na 3400, iliishi kwa hisani hiyohiyo ya ubongo, na mtu alimtambua baba yake kwa neno la kwanza.

Jambo hili lilizua ugomvi wa muda mrefu Ulaya. Mwaka 1841 August Seebeck, huko Dresden, alipuliza hewa kwenye sahani inayozunguka yenye matundu. Alipobadilisha nafasi za matundu, mlio wa msingi ulipaswa kwa hesabu kuwa hafifu, lakini masikio yake yaliusikia kwa nguvu. Georg Ohm, yule ambaye jina lake limeandikwa nyuma ya kila spika, akamjibu mwaka 1843 kwamba sikio husikia kilichomo tu, na kwamba Seebeck alidanganyika. Hermann von Helmholtz akasimama na Ohm katika kitabu chake cha 1863, na Seebeck, aliyekwisha kufariki, akaonekana kuwa ndiye aliyekosea.

Ilichukua karibu karne nzima kumpa haki yake. Kuanzia mwaka 1938, J. F. Schouten wa maabara ya Philips, Eindhoven, aliondoa kabisa mlio wa msingi. Kidatu kikabaki palepale. Mwaka 1954 J. C. R. Licklider alifunika masafa ya chini kwa kelele nzito, ili asiwepo wa kudai kwamba sikio lenyewe linautengeneza mlio huo chini kwa chini. Kidatu bado kilisikika. Uzuri wa majaribio hayo ni kwamba kila mmoja aliziba mwanya ambao mpinzani angepitia.

Je, vipimo vya leo vimejifunza? Kwa sehemu. Kipimo maarufu cha usikivu wa maneno, STI, kilichobuniwa na Houtgast na Steeneken huko Uholanzi miaka ya 1970, hukagua makundi saba ya masafa kwa kasi 14 za mawimbi ya usemi, jumla namba 98, kisha huzikunja ziwe namba moja kati ya 0 na 1. Hukamata vizuri mwangwi na kelele. Lakini kati ya namba hizo 98 hakuna hata moja inayouliza kama hatua kati ya milio imebaki wazi, yaani kama toni imefika. Kwa lugha waliyozaliwa nayo wabunifu wake huenda hasara hiyo ni ndogo. Kwa Kisambaa, ni pengo linalohitaji kuangaliwa.

Milima yenyewe huongeza la kwake. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 hula takriban desibeli 5 za mlio wa Hz 1000 kwa kila kilomita, lakini hula karibu 23 za mlio wa Hz 4000, kwenye eneo ambako s na f huishi. Ndiyo maana ng'ambo ya bonde mtu hupata mwenendo wa sauti vizuri huku maneno yakiwa yamechakaa. Toni imefika, konsonanti zimebaki njiani, na namba moja ya STI haiwezi kusimulia habari hizo mbili kwa pamoja.

Kosa kama hilo limo katika desibeli za dBA, ambazo kwazo viwango vya kelele hutajwa, Tanzania na kwingineko. Mizani hiyo ilitokana na kazi ya Fletcher na Munson ya mwaka 1933 kuhusu sauti za chini, na hupunguza desibeli 19 kwenye Hz 100 na 30 kwenye Hz 50. Jirani wa ukumbi wa singeli anayetikiswa madirisha na besi huambiwa namba iliyo ndogo kuliko mateso yake. Kifaa hakikukosea. Kilifanya hesabu iliyopangwa kwa sauti za upole, kikaletwa mahali pasipo upole.

Hata hivyo, anayeruka kutoka hapo na kusema masikio pekee yanatosha, naye apunguze mwendo. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwaita wafanyakazi 40 wa kampuni ya Harman kuzipa alama spika nne, mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Walipoziona, kubwa na za bei zilipanda, na ile ndogo ya bei nafuu ikashuka. Macho yalikuwa yamesikiliza kwa niaba ya masikio. Mwaka 2004 Olive alikusanya alama za nyuma ya pazia za spika 70, akatafuta ni vipimo gani vinavyozitabiri, na akapata uwiano wa 0.86. Ukiuzidisha kwa wenyewe, ni karibu robo tatu ya tofauti kati ya alama za wasikilizaji. Hayo ni mafanikio makubwa, na yalipatikana kwa sababu watu waliulizwa kwanza, ndipo mashine ikafundishwa kuwafuata.

Kwa spika za bonde la Lushoto, njia hiyo haihitaji maabara. Mzungumzaji mmoja wa Kisambaa aandae orodha ya sentensi fupi zinazotofautiana kwa toni tu, na nyingine zinazotofautiana kwa konsonanti. Azirekodi, zipigwe kupitia honi mbili au tatu zilizofichwa, na wasikilizaji wakae mita 50, mita 200 na ng'ambo ya bonde, kila mmoja akiandika alichosikia. Orodha hizo mbili zihesabiwe kila moja peke yake. Mlima ulio umbali wa mita 170 hurudisha mwangwi baada ya sekunde moja hivi, ukipanda juu ya sentensi inayofuata, kwa hiyo honi moja kubwa inayopigwa kwa nguvu zote ishindanishwe na honi ndogo tatu zilizosogezwa karibu na watu. Kazi hiyo humalizika kwa mchana mmoja, kabla fundi hajapanda nguzo kukaza boliti.