Mshipa Upi Unaozibwa? Uhakiki wa Istilahi za Ganzi Baada ya Upasuaji wa Kifua

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoieleza ganzi ya neva inayotolewa baada ya upasuaji wa kifua. Hoja yake ni kwamba istilahi iliyofasiriwa neno kwa neno yaweza kumnyima mgonjwa nafuu ambayo angeikubali.

Aliyepasuliwa ubavuni huumia kila anapovuta pumzi. Asipotulizwa hupumua juujuu, hujizuia kukohoa, makohozi hukwama, na nimonia huweza kufuata. Kwa hiyo daktari wa usingizi hudunga dawa kama bupivakaini karibu na neva za mbavu, kando ya uti wa mgongo, au chini ya misuli inayousimamisha mgongo, mbinu iliyoelezwa mwaka 2016. Sindano moja hufanya kazi kwa saa kadhaa. Mrija mwembamba ukiachwa mahali pake, dawa huweza kuongezwa kwa siku kadhaa.

Mfasiri anayelikabili tendo hili huvutwa na “kuziba mshipa”. Hapo ndipo penye kasoro. Mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, na katika mazungumzo ni hata ngiri. Aliyekwisha kusikia kwamba mishipa ya moyo ikiziba mtu hufa, atatiaje sahihi fomu ya kuzibwa mshipa kifuani? “Ganzi ya kikanda” nayo haifai: kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kikanda ni mambo ya nchi wanachama wa Jumuiya, si ya ubavu.

Bukoto ni kipimo kizuri. Mtaa huu wa Kampala uko jirani na Mulago, penye hospitali ya taifa ya rufaa na Taasisi ya Moyo ya Uganda. Mkazi wake aliyelelewa kwa Kiganda hutenganisha emisuwa, yaani mishipa ya damu, na obusimu, yaani neva. Fomu yenye “mshipa” pekee inampa maarifa machache kuliko aliyokuja nayo. Kwa lugha ambayo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi, hilo si jambo dogo.

Yawezekana kujibu kwamba daktari ataeleza kwa mdomo. Ni kweli, lakini maelezo ya mdomo huenda na zamu yake. Usiku ganzi inapoisha, mgonjwa hubaki na kile alichokielewa. Hata neno “ganzi”, ambalo ndilo linalofaa, halijitoshelezi, kwa kuwa ubavu uliokufa ganzi waweza kudhaniwa umepooza.

Tunapendekeza “sindano ya ganzi ya neva za ubavu”, ifuatwe na sentensi tatu: kwamba ganzi si kupooza, kwamba itaisha na maumivu huweza kurudi ghafla, hivyo muuguzi aitwe mapema, na kwamba mlio masikioni, ganzi mdomoni au kukosa pumzi viripotiwe mara moja.

Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa tiba shufaa kuandikia wagonjwa morfini, na hivyo ikakiri kwamba kutuliza maumivu ni suala la sera. Sera hiyo haijakamilika iwapo fomu ya ridhaa inamtisha anayekusudiwa kutulizwa.