Asili ya Neno na Hukumu Yake: Juu ya "Ciao", "Shikamoo" na "Buriani"

Katika mitaa ya Westlands, jijini Nairobi, vijana kadhaa huagana kwa neno la Kiitaliano ciao, hata pale mazungumzo yao yote yalipokuwa ya Kiswahili. Kiitaliano si kigeni kabisa hapo: wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifika Kenya mwaka wa 1902, na kanisa lenye jina hilo limo papo hapo Westlands, ingawa ciao ya vijana yanukia mkahawa kuliko kanisa. Mwalimu mwenzangu mmoja amelipinga neno hili kwa hoja mbili: kwamba ni la kuiga, na kwamba asili yake ni utumwa. Hoja ya kwanza ni ya ladha, nami naiacha. Ya pili yapasa kujibiwa, kwani ndiyo inayotumiwa pia kuishambulia shikamoo.

Ni kweli kwamba ciao limetokana na neno la lahaja ya Venezia lenye maana ya mtumwa. Aliyeaga alijitaja kuwa mtumwa wa mwenzake. Lakini asemaye leo hajidhalilishi. Mwitaliano humwambia ciao yule anayemwita tu, yaani ndugu, rafiki, mpenzi au mtoto, wakikutana na wakiachana; mgeni au mkubwa anayestahili Lei huagwa kwa arrivederci, au arrivederla kwa heshima zaidi. Neno la unyenyekevu limegeuka kuwa la mazoea na mapenzi. Shikamoo, linalofasiriwa kuwa "nashika miguu yako", limeshika njia nyingine: limebaki la mdogo kwa mkubwa, naye mkubwa hujibu marahaba. Asili zakaribiana, matumizi yametengana. La kuuliza, basi, ni nani humwambia nani, na wakati gani. Mtoto wa Mombasa anayemwamkia bibi yake shikamoo hatangazi utumwa wowote. Anayemnyima ndiye atakayeulizwa alilelewa wapi.

Katika maneno ya mapenzi mambo ni hayo hayo. Caro la Kiitaliano ni mpendwa, na pia ni kitu cha bei kubwa. Ghali la Kiarabu vivyo hivyo. Kiswahili kilipokopa kiligawa kazi: ghali likaenda sokoni, azizi likabaki kwa mpendwa. Mfasiri atakayemwita mchumba "ghali wangu" atachekwa, japo asili iko upande wake.

Kosa jingine ni lile la kuandika kwaheri mbele ya kila neno la kuagana. Arrivederci lina mwenzake kamili, nalo ni kwaheri ya kuonana. Addio, kama adieu la Kifaransa na adiós la Kihispania, humkabidhi mtu kwa Mungu, na Waitaliano hulitumia hasa wasipotazamia kuonana tena. Lililo karibu nalo kwetu ni buriani, lakini halilingani nalo. Wanaoagana buriani hutakana radhi: aliyekosa asamehewe kabla ya safari au mauti. Addio halidai msamaha. Siku hizi magazeti yetu mara nyingi huliweka buriani juu ya picha ya marehemu, kana kwamba maana yake ni "ametutoka" tu. Marehemu hawezi tena kuomba radhi wala kuitoa. Wa kuambiwa buriani ni yule ambaye angali akisikia.