Kibaba na Mgeni: Methali za Uwekevu Katika Nchi ya Uzigua

Hapana methali ya Kiswahili ijulikanayo na wanafunzi wengi kuliko "Haba na haba hujaza kibaba", na huenda hapana isomwayo kwa haraka kama hiyo. Aghalabu hufasiriwa kuwa ni wosia wa kuweka fedha: senti juu ya senti mpaka itimie shilingi. Fasiri hiyo si ya uwongo, lakini ni finyu. Kibaba ni kipimo cha nafaka. Vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi, na kibaba kimoja cha mchele hukaribia ratili moja na nusu. Ni kipimo pia cha kutoa, maana fitri ya mwisho wa Ramadhani hutolewa kwa pishi. Methali iliyochagua kibaba, basi, ilichagua neno lenye chakula ndani yake na lenye watu wa kukila.

Yafaa methali za namna hii zisomwe mahali ambapo uwekevu ni kazi ya kila siku. Jina la Kwamsisi hupatikana Handeni na tena Korogwe, na mahali pote pawili pamo katika nchi za Mkoa wa Tanga ambamo Wazigua wameishi tangu zamani. Mvua za Handeni si za kutegemewa. Vuli huweza kupita bila ya kunyesha vya kutosha, na masika yakachelewa. Kwa hiyo mlo wa nyumba za huko haukuwekwa juu ya zao moja. Mahindi, mtama, muhogo na kunde husaidiana. Muhogo humenywa, hukatwa na kuanikwa ukawa makopa, yakatwangwa kwa ugali wa bada. Majani ya kunde huchemshwa na kukaushwa yangoje kiangazi. Mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu, na mtoto hujua mapema kuwa hayo hayaguswi. Kiporo cha usiku hakitupwi. Ndicho kifungua kinywa cha asubuhi. Katika nyumba ya namna hii "Akiba haiozi" si picha ya maneno tu. Ni usemi wenye sharti, kwa kuwa nafaka huoza, na haiozi kwa sababu mtu ameianika, ameipepeta na kuigeuza.

Kutoka meko hayo hayo ilitoka methali ya pili, "Bandu bandu huisha gogo". Walimu wengi huziweka mbili hizi pamoja na kusema kuwa zinapingana. Hesabu yake ni moja. Mwendo wake ndio uliogeuka. Katika ya kwanza, kiungo "na" hushika haba na haba nyingine, na sauti za "haba" zinarudi ndani ya "kibaba" kana kwamba kipimo kimekwisha kujaa. Katika ya pili hapana kiungo: bandu huanguka hapa, bandu huanguka pale, na gogo likaisha bila ya mtu kuona siku liliyoanza kupungua. Mwenye kuzijua zote mbili amefundishwa kuwa udogo wa kitu si ruhusa ya kutokihesabu.

Lakini kama uwekevu ungaliishia hapo, usingalitofautiana na ubahili. Methali za mgeni ndizo zinazotenga mambo haya mawili. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hutajwa mara nyingi kama kwamba ni ya kumfukuza mtu. Msomaji aangalie kitenzi chake: haisemi mnyime, yasema mpe. Siku mbili mgeni hula akiba ya wenyeji. Siku ya tatu huingizwa katika kazi iletayo akiba hiyo, na jembe humhesabu kuwa miongoni mwa walaji. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" yakubali waziwazi kuwa siku ya mgeni kuku huchinjwa, na watoto waliozoea mboga za majani hupata mchuzi. Kumbe akiba iliyobanwa kwa miezi ilikuwa na siku yake ya kufunguliwa.

Hata hivyo methali hizi zina upungufu wake. Katika "Haba na haba" kinachojaza kibaba ni haba yenyewe, mtu hayumo. Mwanamke apimaye unga jioni, akapunguza fungu lake ili la mtoto litoshe, hakutajwa. Tena methali hii huweza kutumiwa na aliyeshiba kumlaumu mwenye njaa, kana kwamba kila njaa ni matokeo ya uvivu wa kuweka. Historia ya Uzigua yakataa lawama hiyo. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walitoka kwao kwa kukosa chakula, wakapelekwa Somalia utumwani. Wajukuu zao walihifadhi Kizigua huko katika bonde la Juba, na baada ya vita vya Somalia vya 1991 baadhi yao walirudi Tanzania, wakapewa makazi katika Handeni, kwanza Mkuyu na kisha Chogo. Katika kitabu chake cha 1992 juu ya nchi hii, James Giblin alionyesha kuwa wakuu wenye akiba waliwalisha wafuasi wao siku za shida, na kwamba utawala wa kikoloni ulipovunja uwezo wa wakuu hao, kinga hiyo ilivunjika pia. Yaani kibaba cha nyumba moja hakikutosha kamwe peke yake.

Sifa ya methali za Kiswahili ni kuwa zinajisahihisha zenyewe. Aambiwaye "Haba na haba" anaweza kujibu "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa", na mwenye kulaumu akanyamaza. Vilevile "Mwenye njaa hana miiko" ina neno lenye maana mbili: miiko ni makatazo, nayo ni vyombo vya kusongea ugali. Aliyekosa cha kusonga huachia na makatazo.

Kwa sababu hiyo mtihani unaomtaka mwanafunzi aeleze methali moja, mbali na wenzake na mbali na chungu kilichoizaa, humpa nusu ya elimu. Aulizwe pia ni nani aliyekipima kibaba, kilikuwa cha watu wangapi, na siku mgeni alipopiga hodi kilifanywa nini.